Mbwa Bado Wako Ng'ambo

Siku Delmer Tackett alipoosha vyombo bila kuambiwa, mkewe alijua kuna jambo.

Orpha alikuwa ametoka kazini, jikoni mwa shule ya msingi, mwili mzima bado unanukia maharage ya watoto wa watu. Akafungua mlango, akakuta sinki linang'aa, sahani zimesimama wima kwenye kichanja kama waumini wanaongoja kuombewa, na Delmer yuko katikati ya jikoni, kitambaa begani, anatabasamu. Tabasamu lenyewe lilikuwa la mtu anayekuuzia gari lililowahi kuzama mtoni. Mlangoni palikuwa na begi lake la nguo.

"Karibu nyumbani, mke wangu," akasema Delmer.

"Karibu wewe. Mimi sijahama. Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Unaumwa?"

"Mzima kabisa."

"Basi umeshtakiwa."

Tabasamu likadondoka palepale, karibu livunje sahani. Delmer akakaa kitini, akatoa mfukoni karatasi za mahakama zilizokunjwa, akazisukuma mezani kwa kidole kimoja kama kitu kinachoweza kuuma.

Ili mtu aelewe kwa nini mwanamume alirudi nyumbani kwake mwenyewe na begi kama mgeni, inabidi turudi nyuma mpaka Agosti, na inabidi tumtaje Belle. Belle ni mbwa jike wa kuwinda rakuni, wale wanyama wa usiku wenye mkia wa mistari; masikio marefu, macho ya mjane. Agosti hiyo alikuwa na mimba, na siku zake zilipotimia aliona kibanda chake cha uani hakimfai. Akaingia ndani, akapanda kitanda cha wageni, na juu ya kitanda hicho lilikuwa limetandikwa blanketi la viraka alilolishona mama yake Orpha kwa mkono, majira ya baridi ya mwisho ya uhai wake. Belle akalichana, akalikusanya, akatengeneza kiota cha kifalme, akazaa.

Maneno aliyoyasema Orpha siku hiyo yalisikika mpaka kanisani, na kanisa liko ng'ambo ya kilima. Delmer si mtu wa kujibizana. Alipakia kwenye pikapu mbwa wakubwa, watoto wa mbwa na lile blanketi lililochanika, akavuka daraja la kijito cha Hemlock, akaenda kwenye kibanda cha uwindaji alichoachiwa na marehemu baba yake. Akakaa huko akingoja mkewe apoe. Mkewe naye akakaa akingoja mumewe aombe radhi. Wote wawili ni watu wa milima ya mashariki ya Kentucky, ambako mtu anaweza kukuomba figo yako kabla hajakuomba radhi. Agosti ikapita, majani yakapukutika, theluji ikaanguka, na wao bado wanangojana.

Kila Jumapili walikaa benchi moja kanisani. Baadaye Delmer alikuja kula, akasifu mkate wa mahindi, akanywa kahawa, akachukua kofia na kusema, "Haya, mbwa wananingoja," akavuka daraja. Bonde zima lilijua, lakini hakuna aliyeuliza. Watu wa kule watakuuliza habari za goti lako, za ng'ombe wako, hata za wokovu wa roho yako. Kwa nini gari la mume halionekani uani asubuhi, hilo haliulizwi. Mtu anaangalia pembeni na kusema mvua itanyesha.

Tatizo ni kwamba kijito cha Hemlock ndicho mpaka. Huku ni Kaunti ya Larkin, kule ni Kaunti ya Tolbert. Na Januari hii Delmer alikuwa amejiandikisha kugombea usherifu wa Larkin, yaani ukuu wa polisi wa kaunti nzima, kazi ambayo kule watu huipigia kura. Sherifu aliyepo, Burl Stamper, ndiye aliyemfukuza Delmer kazi ya unaibu sherifu kwa sababu Delmer alimkamata shemeji yake Burl akiendesha gari huku amelewa, na Delmer akakataa kusahau kwamba alimkamata.

Orpha akasoma zile karatasi akiwa amesimama. Mpiga kura mmoja, ambaye kwa bahati nzuri sana alikuwa binamu yake Burl, alikuwa anaiomba mahakama ilifute jina la Delmer Tackett kwenye karatasi ya kura. Katiba ya jimbo inataka sherifu awe ameishi kwenye kaunti yake mwaka mzima kabla ya uchaguzi. Delmer, walisema, anaishi Tolbert. Ushahidi ni picha za pikapu yake alfajiri mbele ya kibanda, imefunikwa na barafu kama keki.

"Kwa hiyo umerudi," akasema Orpha.

"Nimerudi."

"Umerudi kwangu, au umerudi Larkin?"

Delmer akafikiri, na kule kufikiri kukamharibia. "Si ni palepale?" akasema.

Orpha akachungulia dirishani. Uani palikuwa na pikapu. Kibanda cha mbwa kilikuwa kitupu, na mlango wake unapigwapigwa na upepo.

"Mbwa wako wapi?"

"Wapo," akasema Delmer, akaanza kupangusa sahani ambayo ilikuwa imekauka tangu saa ile.

* * *

Wiki ile Delmer alikuwa mtu wa ajabu. Alilala kwenye kochi bila kulalamika. Alikoroga kahawa kabla Orpha hajaamka. Aliukaza ule mlango wa kabati uliokuwa unaning'inia tangu binti yao alipoolewa. Kila alichotengeneza kilimwongezea Orpha wasiwasi, kwa sababu alimjua. Mwanamume huyu katika ndoa yote hakuwahi kutengeneza kitu bila kusumbuliwa kwanza. Na kila jioni aliondoka kidogo, akavuka daraja, akalisha mbwa, akarudi.

Siku moja mezani akauliza, macho kwenye maharage, "Hukumwambia mtu, sivyo?"

"Nimwambie mtu nini?"

"Kwamba nilikuwa kule."

Orpha akaweka kijiko chini. "Delmer Tackett. Unadhani mimi ndiye niliyempelekea Burl habari?"

"Sijasema hivyo."

"Umefikiri hivyo. Nimekusikia ukifikiri. Unadhani nilikuwa na hamu dunia ijue kwamba mume wangu amenikimbia akalale na mbwa?"

"Sikukimbia," akasema Delmer taratibu, akaendelea kula. Ndivyo wakawa wanakaa meza moja, kila mmoja anamtazama mwenzake kama mtu anayesikiliza injini inayogonga.

Wakili wa Delmer alikuwa kijana anayeitwa Whitley, ametoka mjini, viatu vinang'aa kiasi kwamba mbuzi wa jirani alisimama kuvitazama. Alikuja nyumbani, akakaa kwenye kochi, juu ya mto wa Delmer, akamweleza Orpha sheria.

"Ni rahisi, Bi. Tackett. Makazi ya mtu kisheria si pale anapolala leo. Ni pale anapokusudia kurudi. Mtu anaweza kwenda baharini, vitani, hospitali, na kwao kukabaki kwao. Wewe utaapa kwamba siku zote Delmer alikusudia kurudi hapa, na kwamba mlango ulikuwa wazi. Basi."

"Nitajuaje alichokusudia?"

"Wewe ni mke wake."

"Ndiyo maana nauliza."

Whitley akacheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. "Sheria inatazama kilicho moyoni, Bi. Tackett."

"Basi mwite mchungaji. Wewe utalipwa kwa kazi gani?"

Alipoondoka, Orpha alibaki kwenye baraza, mikono ndani ya aproni. Angeapishwa, mkono juu ya Biblia. Watu wa kanisani wangejaa mahakamani, kwa sababu Februari hakuna cha kufanya. Angeulizwa kama mumewe alikusudia kurudi, na yeye hakujua. Akisema ndiyo, na kumbe Delmer anataka beji ya usherifu tu, atakuwa ameapa uongo ili amsaidie mtu amdanganye. Akisema hajui, jina la Delmer linafutwa na Burl anabaki, na shemeji yake Burl anaendelea kuendesha gari kama barabara ni shamba la babu yake.

Kazini akamweleza Oneida, mwenzake wa jikoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele ya moto. Wakati huo Oneida alikuwa anaukata mkate wa mahindi vipande, na kisu kikasimama.

"Amerudi, lakini mbwa bado wako kule?"

"Wako kule."

"Dada yangu, huyo hajarudi. Huyo ameegesha."

"Sema polepole."

"Nasema polepole. Babu yangu alihama mara ngapi katika kaunti hii? Kila alipohama, mbwa walitangulia, kisha bunduki, kisha sisi. Mwanamume wa huku anaweza kusahau mtoto kituo cha mafuta. Mbwa hawasahau. Uchaguzi ukiisha, utaona begi linarudi lilikotoka. Au…" Oneida akashusha sauti, maana yake wapishi wote walisikia, "au kuna mtu anayewaangalia hao mbwa."

"Mtu gani?"

"Mimi sijasema mtu gani. Mimi nakata mkate."

* * *

Jumamosi Delmer alikwenda kwenye kituo cha zima moto, ambako wagombea wote hula soseji na kushikana mikono na watu mpaka vidole viishe nguvu. Orpha akangoja pikapu ipotee kwenye kona. Akachukua funguo za gari lake, akavuka daraja.

Hakuwa amekanyaga pale tangu mkwewe afariki. Mbwa walimpokea kwa kelele zilizoangusha theluji kwenye miti, kisha Belle akamtambua, akanyamaza, akatazama pembeni. Watoto wake walikuwa wameshakuwa wakubwa, miguu mirefu isiyo na akili. Orpha akawapita. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo.

Alitarajia uchafu. Akakuta sakafu imefagiwa, na hilo lilimshtua kuliko uchafu. Kikombe kimoja, sahani moja, sawa. Lakini dirishani, kwenye mwanga, palikuwa na mkasi mdogo, na kando ya mkasi kastabini, ile kofia ndogo ya chuma ya kuvalia kidole mtu akishona.

Orpha akasikia masikio yake yanapata moto.

Kwa hiyo yupo. Ana mkasi, ana kastabini, anakaa hapa dirishani anashona huku Delmer anamwangalia kwa macho yale ya kondoo aliyowahi kumwangalia nayo yeye. Ni nani? Akaanza kuwapitia wajane wote wa Tolbert mmoja baada ya mwingine, na wengine aliwahi kuwapelekea supu. Akageuka kutafuta kitanda, kwa sababu akishafika mbali hivyo, bora aone vyote.

Kitandani lilikuwa limetandazwa blanketi la mama yake.

Akalikaribia kama mtu anayekaribia mgonjwa. Lilikuwa limefuliwa. Vile viraka vya gauni la harusi la shangazi, vya mashati ya baba, vya pazia la nyumba ya zamani, vyote vilikuwa pale, na pale Belle alipochana palikuwa pameshonwa. Orpha akainama ili aijue hulka ya huyo mwanamke kwa mishono yake, maana mwanamke wa milimani humjua mwenzake kwa mshono kuliko kwa sura.

Akatazama. Akatazama tena. Kisha akakaa juu ya kitanda, akaanza kucheka mpaka Belle akaja kuchungulia mlangoni.

Hakuna mwanamke chini ya jua aliyeshona vile. Mishono ilikwenda kama mlevi anayetafuta kwao. Uzi wenyewe ulikuwa wa kuvulia samaki. Na kila mshono uliishia kwa fundo lile analofunga mtu kwenye ndoana, fundo kubwa, la uaminifu, lisilofunguka hata ukivuta samaki mkubwa. Pembeni, kwenye kona moja, kulikuwa na kipande kimoja bado kinaning'inia, sindano imechomekwa, uzi umeshatungwa.

Ndipo maneno yake mwenyewe yakamrudia, yale yaliyovuka kilima mwezi wa Agosti. Hakuwa ameyakumbuka tangu siku ile, kama mtu asivyokumbuka alichokitapika. "Usikanyage tena humu na hao mbwa wako mpaka blanketi la mama liwe zima!" Alisema tu. Watu husema. Nani anayeshika maneno ya mtu mwenye hasira?

Delmer. Delmer aliyashika kama amri ya mahakama.

Orpha akalikunja blanketi lilivyokuwa, akalikunjua tena, akaliacha vilevile. Akatoka. Akafika katikati ya daraja na shaka ikawa imeshamdandia tena. Je, alilishona lini? Labda ni wiki hii, baada ya karatasi za mahakama. Labda ni yule kijana wa viatu, kamwambia, mkeo atakuja kuchungulia, mwekee kitu cha kumlainisha. Watu wa siasa wana mambo. Akaingia nyumbani, akapika, na Delmer aliporudi akinuka soseji hakumwambia chochote. Akamwangalia tu vidole. Kidole kimoja kilikuwa na alama ndogondogo, lakini za sindano au za ndoana, nani ajuaye?

* * *

Siku ya kesi mahakama ilijaa kama kanisa siku ya Pasaka. Burl Stamper alikaa mbele, kofia kubwa magotini, anatabasamu kwa kila mtu. Orpha alipopita akasema, kwa sauti ya kunong'ona inayosikika, "Pole kwa usumbufu, Dada Orpha. Tolbert nako wanahitaji sherifu mzuri."

"Nasikia," akasema Orpha. "Larkin pia."

Jaji Caudill alikuwa mzee mrefu mwenye nyusi kama vichaka, na inasemwa aliwahi kuahirisha kesi ya mauaji kwa sababu msimu wa kuwinda rakuni ulikuwa unafunguliwa. Wakili wa upande wa Burl alikuwa mwanamke mmoja mkavu, Bi. Renfro, mzaliwa wa palepale. Alimsimamisha Delmer, akamwonyesha picha moja baada ya nyingine, na Delmer akakubali kila moja. Ndiyo, gari langu. Ndiyo, kibanda cha baba. Ndiyo, nililala huko.

"Sasa tangu ulipopewa karatasi za mahakama unalala Larkin."

"Ndiyo, mama."

"Na mbwa wako, Bwana Tackett? Wao wanalala wapi?"

Watu wote mle ndani wakajiweka sawa kwenye mabenchi. Whitley akaruka juu. "Napinga, Mheshimiwa! Mbwa hawana uhusiano wowote na shauri hili!"

"Kaa chini, kijana," akasema Jaji Caudill, bila ukali. "Katika kaunti hii hilo ni swali. Jibu, Delmer."

"Wako ng'ambo."

Mtu nyuma akasema "Mmh," kama mtu aliyesikia matokeo ya daktari. Burl akaikunja miguu, ametulia.

"Kwa nini mwanamume aliyerudi nyumbani awaache mbwa wake kaunti nyingine?" akauliza Bi. Renfro.

"Kuna sababu."

"Tuambie."

"Ni mambo ya ndani."

"Na Agosti, kwa nini uliondoka?"

"Hilo nalo la ndani."

Whitley alikuwa anamfanyia ishara za macho, za nyusi, mwishowe za kalamu. Delmer akatazama dirisha. Jaji akaegemea mbele.

"Delmer, mwanangu. Sikiliza. Kama uliondoka kwa muda, sheria ina nafasi yako. Lakini lazima uniambie kwa nini uliondoka. Usiponiambia, nitalazimika kuona ulihama, na jina lako litafutwa leo hii. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Mheshimiwa."

"Sasa?"

Delmer akageuka, akamtazama Orpha mara moja tu, kule benchi la pili, na watu wote wa kanisani wamemzunguka kwa kofia zao. Kisha akamrudia jaji.

"Basi amua, Mheshimiwa. Mambo ya nyumbani kwangu siyaleti hapa."

Orpha akahisi kitu kinakaa sawa ndani ya kifua chake, kama sufuria iliyokuwa inayumba ikapata jiko. Mwanamume huyu angeweza kusema maneno matatu, mke wangu alinifukuza, na angekuwa amenusurika. Matatu tu. Asiyetaka kitu ila beji angeyasema mbio. Shaka, ambayo haichoki, ikamnong'oneza: au anajua utaguswa, kisha utasimama umtetee? Orpha akaiangalia ile shaka, akaona hata ikiwa kweli hawezi kukaa kimya.

Alipoitwa, akaweka mkono juu ya Biblia, akakaa. Whitley akakohoa. "Bi. Tackett, je, mume wako siku zote alikusudia kurudi—"

"Ngoja wewe," akasema Orpha. Akamgeukia jaji. "Mheshimiwa, nilimfukuza."

Kofia za kanisani zikatikisika zote kwa pamoja.

"Nilimfukuza mimi. Mbwa wake jike alizaa juu ya blanketi la marehemu mama na kulichana. Nikamwambia asikanyage na mbwa wake mpaka blanketi liwe zima. Mimi nilisahau kwamba nilisema. Yeye hakusahau. Amekaa kule anashona."

"Anashona?" akauliza jaji.

"Kwa uzi wa kuvulia samaki."

Mahakama ikaangua kicheko, na Delmer akawa mwekundu mpaka kwenye upara. Jaji akagonga meza, lakini nyusi zake zilikuwa zinacheza.

Bi. Renfro hakucheka. Akasimama mbele ya Orpha. "Bi. Tackett, katika miezi yote hiyo, uliwahi kumwambia arudi?"

"Hapana."

"Kwa hiyo mlango ulikuwa umefungwa."

"Ulikuwa na sharti. Kufungwa ni kitu kingine."

"Na leo, blanketi limekwisha?"

"Bado kona moja."

"Kwa hiyo kwa sharti lako mwenyewe, hata leo hajarudi nyumbani."

Burl akanyanyua kichwa. Orpha akaona lile shimo, akaona amelichimba mwenyewe, na hakuna uongo mdogo wa kulifukia nao.

"Kweli," akasema. "Ndiyo maana mbwa bado wako ng'ambo. Mwanamume aliyehama kabisa, mama, angekaa kule anashona kwa ajili ya nani?"

Jaji Caudill akavua miwani, akaifuta kwa joho lake kwa muda mrefu. "Nimewafunga watu wengi nikiwa kwenye kiti hiki," akasema mwishoni. "Nimewapeleka jela za kaunti za mbali, wengine miaka. Sheria haijawahi kusema mfungwa amehamia jela. Kwao ni kwao, kwa sababu anangoja adhabu iishe arudi. Ninachokiona hapa ni mtu aliyehukumiwa na mkewe, na ameitumikia hukumu bila kukata rufaa, jambo ambalo mawakili wa hapa wangefaa kujifunza. Hajahama. Jina linabaki kwenye karatasi ya kura." Akavaa miwani. "Na Delmer, kamilisha hiyo kona. Mbwa wa kuwinda wasikae bila mwenyewe kwenye baridi hii."

Nje, Burl alivaa kofia yake na kusema kwa sauti ya kila mtu, "Haya, kaunti sasa itapata sherifu anayejua kudarizi!"

"Angalau atakuwa na kitu anachojua," akasema Oneida, aliyekuwa amekuja na aproni yake, na kicheko kilimsindikiza Burl mpaka kwenye gari.

* * *

Delmer alileta blanketi jioni ile, limekunjwa, na mbwa nyuma ya pikapu wakipiga kelele za ushindi. Orpha alikuwa amekaa kwenye baraza, shali begani.

"Ulilishona lini?" akauliza kabla Delmer hajashuka.

"Lini nini?"

"Usinichezee. Kabla ya karatasi au baada?"

Delmer akakaa kwenye ngazi, mgongo kwake. "Nilianza Septemba. Krismasi ilibaki ile kona."

"Krismasi! Kona ya kiganja! Na uzi umeshatungwa!" Sasa alikuwa amesimama. "Kwa hiyo ulikuwa unastarehe kule na mbwa wako!"

"Sikuwa nastarehe. Kuna panya."

"Basi kwa nini hukumaliza?"

Belle akaruka kutoka kwenye pikapu, na Delmer akamkuna masikio. "Ningemaliza, ningelazimika kuja kubisha," akasema. "Nikibisha, ungefungua au usingefungua. Kona ilivyobaki, nilikuwa bado sijajua."

Orpha akamtupia mto wa kiti, akaingia ndani, akarudi na taa na miwani yake ya kusomea. "Shona," akasema. "Hapa, nikuone. Na ukifunga lile fundo lako la ndoana kwenye kitambaa cha gauni la shangazi, mama atafufuka."

Akalifunga. Hajui jingine. Belle alinyanyua kichwa akalitazama blanketi, na Orpha akamnyooshea kidole bila kugeuka. "Wewe usithubutu."

Asubuhi Orpha aliamka, akaenda jikoni. Hapakuwa na kahawa. Sinki lilikuwa limejaa, sahani juu ya sahani, sufuria ya maharage imekaukia, na kijiko kimesimama ndani yake chenyewe. Hakuna aliyegusa kitu. Uani mbwa walikuwa wamelala wote kwenye kibanda chao, na chumbani Delmer anakoroma kama msumeno kwenye gogo bichi.

Akasimama mbele ya ule uchafu kwa muda mrefu kuliko uchafu wowote unavyostahili. Akautafuta ule wasiwasi uliomkaa rohoni tangu siku ya sahani safi, akaukosa.

"Delmer!" akaita. "Amka uoshe vyombo!"

Mkoromo ukaendelea, na Orpha akaweka maji ya kahawa motoni.